Kuandikwa na Kukumbukwa

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na vijana wawili wa utafiti wa afya katika kijiji kimoja cha Ruangwa, upande unaopakana na Nachingwea. Nilikuwa mwalimu aliye likizoni, mgeni wao tu, na kazi yangu ilikuwa kukaa kimya. Tulifika kwa bibi mmoja aliyekuwa akipepeta ufuta uani. Alitukaribisha, akatandika mkeka, akajibu kila alichoulizwa: watu wangapi hulala nyumbani mwake, vyandarua vingapi, mtoto gani alishikwa na homa katika majuma mawili yaliyopita. Kijana mmoja akabonyeza majibu katika mashine ndogo iliyoenea kiganjani mwake. Mwenziwe akamtoboa kidole mjukuu wa yule bibi, na tone la damu likadondoshwa kwenye kipande cha karatasi nene, likaachwa likauke. Kisha wakaandika namba kwa chaki juu ya mlango.

Tulipoinuka kuaga, bibi akauliza, "Mjukuu wangu, hicho kidude chako kesho kitanikumbuka?"

Kijana akajibu kwa adabu, "Ndiyo, bibi. Yote uliyosema yameandikwa humu."

"Sikukuuliza kama kimeandika," akasema bibi, akarudi kwenye ungo wake.

Njiani vijana walicheka kidogo, wala sikuwalaumu, kwani walikuwa na nyumba nyingine nyingi za kufikia kabla ya jua kuchwa. Lakini mimi swali lile halikuniacha. Nimekuja kuliona kuwa ndilo swali kubwa la mageuzi yanayopita sasa katika maabara za elimuviumbe duniani kote, nalo liliulizwa na mtu ambaye labda hakupata kuuona mlango wa maabara. Yafaa tulichunguze kwa makini, hasa sisi tunaofundisha, na ninyi vijana ambao baadhi yenu mtakuja kushika hizo mashine.

Kwanza tufahamu ni jambo gani hasa limebadilika. Katika maabara ya zamani ujuzi ulikaa katika macho ya mtu na katika daftari. Fundi wa maabara aliweka damu juu ya kioo, akaipaka rangi, akainamia hadubini na kuhesabu vimelea vya malaria kimoja kimoja. Matokeo akayaandika kwa wino. Aliyetaka kujua habari za damu ile ilimbidi aje pale, au atumiwe kioo chenyewe. Leo mashine husoma ndani ya damu vinasaba vya kimelea, na vinasaba hivyo ni kama maandishi marefu yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Yakisha somwa, damu si ya lazima tena. Karatasi yaweza kuungua na friji yaweza kuzimika, na maandishi yakabaki katika ghala la kompyuta, yakinakiliwa na mtu wa Boston, wa Beijing na wa Bagamoyo kwa saa ile ile. Kiumbe kimegeuka kuwa tarakimu, na tarakimu haina mpaka wala forodha.

Sasa, watu wa Nachingwea wana sababu ya pekee ya kuziogopa tarakimu zinazosafiri bila wenyewe. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa na Waingereza kuichunguza nchi kwa ajili ya kilimo kikubwa cha karanga. Ulizunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na hesabu: ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe, mashine kadha wa kadha zinunuliwe, tani kadha wa kadha za mafuta zipatikane kwa ajili ya Uingereza iliyotoka vitani. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikajengwa hadi Nachingwea. Juu ya karatasi hapakuwa na kosa hata moja la kujumlisha. Lakini udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, mvua hazikufuata wastani uliotazamiwa, mizizi ya miti ikavunja majembe, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Katika habari hii yote sijaona mahali ambapo mtu aliketi mkekani na wazee wa nchi akawauliza mvua hunyesha vipi, na kama aliuliza, basi jibu lilikosa safu ya kuandikiwa.

Hata hivyo tusije tukaufanya mfano huu kuwa kisingizio cha kuchukia hesabu. Mradi wa karanga ulianguka kwa sababu ulijua kidogo mno, si kwa sababu ulijua mno. Na nchi hii hii imetoa mfano wa upande wa pili, ambao haufahamiki kama unavyostahili.

Mwaka 2004 wataalamu wa Ifakara pamoja na wenzao walifanya uchunguzi wa kaya zaidi ya 20,000 katika wilaya tano za kusini: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Wakati huo uchunguzi wa namna hiyo ulifanywa kwa makaratasi. Madodoso yalirundikwa katika masanduku, yakapelekwa mjini, yakanakiliwa kwenye kompyuta na makarani mara mbili ili kusaka makosa, na miezi ikapita kabla mtu hajajua nini kilichoonekana. Wasaili wa mwaka 2004 walipewa kompyuta za mkononi. Mashine ilikataa jibu lisilowezekana: mtoto hawezi kuwa amezaliwa baada ya kuchanjwa. Iliruka yenyewe maswali yasiyomhusu anayeulizwa. Jioni taarifa zilihamishiwa kwenye kompyuta kubwa kidogo, na kazi ya shambani ilipokwisha, ile safari ndefu ya kunakili makaratasi haikuwapo tena. Haya yalifanyika katika vijiji visivyo na umeme, wakati ambapo maofisi mengi ya Ulaya yenyewe yalikuwa bado yakitumia makaratasi. Mwanafunzi wa Nachingwea aambiwapo kwamba teknolojia mpya hufika kwao ikiwa imechakaa, anayo haki ya kutaja mwaka huo.

Na kazi hiyo ilikuwa na shabaha. Ilitayarisha njia ya majaribio ya kuwapa watoto wachanga dawa ya kuzuia malaria wanapoletwa kliniki kuchanjwa, wakiwa na umri wa karibu miezi miwili, mitatu na tisa. Katika wilaya hizo tano zilikuwamo tarafa 24; kwa kura, 12 zilianza kupewa dawa na 12 zikangoja ili tofauti ionekane. Mpango ule uliitwa Mkinge. Jina zuri, lenye amri na huruma pamoja. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa nchi za Afrika zenye malaria nyingi, likitegemea ushahidi wa nchi kadhaa. Basi majibu yaliyotolewa uani, kati ya ufuta na kuku, yakaingia katika shauri la dunia. Nani atasema kwamba hilo si jema?

Lakini rudi kwa bibi. Hakukana kwamba mambo yameandikwa. Alitenga maneno mawili ambayo sisi tuliosoma tumezoea kuyachanganya. Kuandika ni kuweka alama ili habari isipotee. Kukumbuka, katika matumizi yetu, ni zaidi ya hapo. Mtu akisema "ndugu yangu amenikumbuka", hana maana kwamba ndugu yule hakusahau jina lake. Maana yake ni kwamba ametuma salamu, au ametuma kilo mbili za sukari, au amekuja. Kukumbuka kwetu ni tendo linalomfikia anayekumbukwa. Kama halikumfikia halikuwa kukumbuka, lilikuwa kumbukumbu tu, mfano wa jalada katika kabati.

Hebu tuutazame mfano mmoja wa karibu. Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Watu walishikwa ghafla, viungo vikauma hata wakatembea wamejikunja. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuandika ugonjwa huo mwaka 1955, na jina walilolipeleka duniani lilitoka katika Kimakonde, neno la kueleza kile kinachojikunja: chikungunya. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Entebbe, Uganda, na huko R. W. Ross akavitenga virusi. Aina moja ya virusi hivyo, iliyotokana na mgonjwa wa Tanganyika wa mwaka 1953, hujulikana kwa wataalamu wote kwa alama ya S27. Mwaka 2002 maandishi yake kamili yalichapishwa, herufi zipatazo 11,800. Ugonjwa ulipoenea katika visiwa vya Bahari ya Hindi na India miaka ya 2005 na 2006, kisha Amerika kuanzia mwaka 2013, S27 ilikuwa kipimo cha kulinganishia. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo. Kimakonde kimekuwa neno la kila kamusi ya tiba. Na yule mgonjwa? Amebaki S na 27.

Hapa mtu mwenye akili atanipinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema: mgonjwa yule alipoteza nini? Tone la damu halikumdhoofisha. Herufi zikinakiliwa mara milioni, hakuna hata moja inayopungua kwake. Wizi ni kumwondolea mtu kitu. Hapa hakuna kilichoondolewa. Tena, angalipewa nini hata angalijulikana? Virusi havikuwa mali yake. Yeye alivichukia kuliko mtu yeyote.

Nimelitafakari pingamizi hili kwa muda mrefu, na naona kwamba linatoka katika desturi ya soko, ambamo deni huzaliwa pale tu mali inapopungua. Sisi tunao mfano mwingine, nao ni moto. Zamani za mama zetu, na hata leo pale kibiriti kinapokwisha usiku, mtu hutuma mtoto kwa jirani akaombe moto. Mtoto huenda na kijiti au kigae. Moto wa jirani haupungui hata chembe kwa kugawanywa. Hata hivyo mtoto yule habishi mlango akachota makaa kimya kimya. Hupiga hodi, husalimu, hueleza katumwa na nani. Akichukua bila kusema ataitwa mtovu wa adabu, ijapokuwa hakuna kilichopungua mekoni. Na mwenye moto naye hana ruhusa ya kukataa. Anayemnyima jirani moto hujitenga na wenzake. Kwa hiyo moto huunda wajibu wa pande mbili bila kuwapo hasara ya upande wowote. Jirani amekuwa jirani zaidi kwa sababu ya makaa yale, na siku ya msiba wake, nyumba iliyowashiwa moto itaonekana.

Naamini tarakimu za viumbe ni za jamii ya moto. Kuzizuia zisitumike kungekuwa unyimivu, na watoto wangekufa kwa unyimivu huo. Wala sisi wenyewe hatuna usafi wa kujitia wadai peke yetu. Karanga hizi ambazo Nachingwea huziimba kama zake asili yake ni Amerika ya Kusini. Wakulima wa huko walizilea kwa maelfu ya miaka kabla Wareno hawajazileta pwani zetu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kilitoa mwaka 2009 aina mpya za karanga zilizopewa majina ya kwetu: Naliendele, Mangaka, Mnanje, Masasi, na mojawapo ikaitwa Nachingwea. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walichapisha maandishi ya vinasaba vya karanga ilimwayo, herufi zipatazo bilioni mbili na nusu, wazi kwa kila msomaji. Mtafiti kijana wa Naliendele aweza kuyafungua kesho asubuhi akatafuta humo kinga ya madoa ya majani. Ni moto ulioombwa mbali. Je, tumempigia hodi mkulima wa Bolivia? Hatukumpigia. Tunakula, tunashiba, tunaiita Nachingwea.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaoona kwamba jambo lote ni la malipo. Malipo yana nafasi yake. Mkutano wa dunia kuhusu bayoanuwai uliofanyika Cali, Kolombia, mwaka 2024 uliamua kuwa makampuni makubwa yanayopata faida kutokana na tarakimu za vinasaba yachangie mfuko maalumu, na mfuko huo ulizinduliwa Roma mwezi Februari 2025. Angalau nusu ya fedha zake imekusudiwa wenyeji wa asili na jamii za mahali. Kuchangia huko ni kwa hiari, na sijui hiari ya tajiri hupimwa kwa kibaba gani. Lakini hata kama kila senti ingefika, bibi yule hakudai senti.

Kuna pingamizi la pili, nalo limenisumbua kuliko la kwanza. Mtu aweza kusema: unataka mtoa damu akumbukwe, lakini maabara nzuri hujitahidi asijulikane. Jina lake hufutwa, huwekwa namba mahali pake, ili siri ya ugonjwa wake isije ikamfuata sokoni. Ni kweli kabisa. Wote tuliokuwapo miaka ya themanini na tisini tunajua jinsi jina la UKIMWI lilivyoweza kumwua mtu kabla ya ugonjwa wenyewe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imejengwa juu ya hofu hiyo ya haki. Basi S27 yaweza kuwa stara, wala si dharau. Nguo ile ile yaweza kumsitiri mtu na kumficha asionekane tena.

Sidhani kwamba utata huu una ufumbuzi wa mara moja tu, wa kuandikwa ubaoni. Ninachoona ni kwamba tumeupa kompyuta mzigo usio wake. Kijana alisema "kitakukumbuka" kwa niaba ya mashine. Angaliweza kusema "nitakukumbuka" kwa niaba yake mwenyewe, na hapo ndipo angalijifunga. Mashine yafaa isahau jina, hilo ni jema. Kijiji lakini hakina siri ya kusitiriwa. Daktari akirudi mwaka wa pili akaitisha mkutano chini ya mwembe, akasema kwa Kiswahili chepesi, "Mwaka jana tulitoboa vidole hapa, tulichokiona ni hiki, tulichokosea ni hiki, dawa hii bado inafaa, ile imeanza kushindwa," hakuna jina la mtu lililotajwa, na kila mtu amekumbukwa. Kazi hiyo haihitaji umeme. Inahitaji mafuta ya gari, siku mbili, na moyo wa kusimama mbele ya watu ambao wana maswali. Bajeti za utafiti nilizopata kuziona zina fungu la kompyuta na fungu la safari za mikutano ya nje. Fungu la kurudi kijijini aghalabu huwa la kwanza kukatwa.

Na kuna jambo la hofu, ambalo watu wa mijini hulichukulia kama kichekesho. Wakati wa ukoloni, na hata baadaye, pwani yote hadi bara ilienea habari ya mumiani: watu wanaokamata raia usiku na kuwatoa damu kwa kazi wasiyoieleza. Wasomi waliiita ushirikina. Mimi nauliza, ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu waliokuwa wakitolewa kodi, kazi, na wakati mwingine damu kwa ajili ya vipimo, na hawakurudishiwa habari. Pale kisipojulikana kitu kinakokwenda, mtu hujitungia safari yake. Elimu ya darasani peke yake haiiondoi mumiani. Huondolewa na anayerudi.

Leo mambo yanakwenda kasi zaidi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, sasa husoma vinasaba vya malaria vilivyokusanywa mikoani. Kwa njia hiyo yamegunduliwa mkoani Kagera mabadiliko yaitwayo R561H, yanayohusishwa na kimelea kuanza kuishinda nguvu ya artemisinini. Habari hiyo ni ya kutisha, na imejulikana mapema kwa sababu ya mashine hizi hizi. Kila mama wa Ruangwa anayempa mtoto vidonge vya mseto anahusika nayo. Nimewauliza wanafunzi wa kidato cha tatu kama wameisikia. Walikuwa 41 darasani. Hakuna aliyeisikia, na mmoja akaniuliza kama hiyo R561H ni namba ya gari.

Niliwaeleza kwa kipindi kizima, na mtaala ukangoja.

Mwaka uliofuata safari ile ya kwanza nilipita tena katika kijiji cha bibi, safari hii nikienda mazishini. Bibi alikuwa shambani. Nyumba ilikuwa imekandikwa upya kwa udongo mwekundu, kuta zote laini, isipokuwa sehemu moja juu ya mlango, upana wa kiganja, iliyoachwa na udongo wa zamani. Namba ya chaki bado ilisomeka. Nilimwuliza mjukuu, yule yule aliyetobolewa kidole, kwa nini hawakupamalizia pale.

"Bibi amekataza," alisema. "Amesema wakirudi wasije wakaipotea nyumba."